Choki ya elektroniki ya bei rahisi: kuwasha inawasha, umri ndiyo kasoro

Choki za elektroniki (vifaa vinavyowasha tyubu na kudhibiti umeme wake) za tyubu mbili za wati 36, zile nyepesi za boksi jeupe la plastiki, zinauzwa kwenye maduka ya umeme kuanzia Darajani na Mwanakwerekwe hadi Chake Chake. Kwa kuwasha hazina lawama: haziungurumi kama choki za sumaku, hazitaki staita, na mwanga unatulia. Tabu yake ni kwamba hazikai.

Ifungue uangalie kapasita ya elektroliti (kikopo kinachohifadhi chaji) iliyo karibu na zile dayodi nne za kuingizia umeme. Volti 230 zikishanyooshwa na dayodi hizo, yaani kugeuzwa kutoka AC kuwa DC, hufika kiasi cha 325, na kapasita yenyewe ni ya volti 400, basi umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, nafasi iliyobaki ni ndogo. Mara nyingi pia kiwango chake cha mwisho cha joto ni nyuzi 85. Kila joto likiongezeka nyuzi 10, umri wake hupungua takriban nusu, na taa iliyobanwa chini ya bati mwezi wa Februari haina pa kupumulia. Kapasita ikikauka kichwa huvimba, mwanga unaanza kucheza, kisha transista mbili (swichi za choki), kawaida za namba 13005 au za ukoo huo, hupiga shoti na kuunguza fyuzi.

Muuaji mwengine ni tyubu iliyochoka. Choki nyingi za bei hii hazina kinga ya kujizima, kwa hiyo tyubu ikishakuwa nyeusi ncha zake na kugoma kuwaka, choki huendelea kuisukuma mpaka transista ziungue. Mtu akabadilisha choki akaiacha tyubu ileile, mpya nayo itakufa. Badilisha vyote pamoja, na ukiwa karibu na pwani safisha vishikio vya tyubu, maana chumvi huvila.

Iliyokufa hutengenezeka. Chomoa umeme, kisha toa chaji ya kapasita kwa rezista ya kilo-omu 10, kwa sababu inaweza kukurusha hata baada ya kuzimwa. Badilisha transista zote mbili hata kama moja inapima nzima. Pima rezista ndogo za emita na za besi (miguu ya transista), angalia diaki ya DB3 (kijisehemu kinachozianzisha transista), halafu weka kapasita mpya ya maikrofaradi zilezile, nyuzi 105, na ikienea ndani ya boksi, ya volti 450. Kabla ya kuirudisha juu, ijaribu kwa kuunga globu ya waya ya wati 100 mfululizo na laini. Globu ikiwaka kwa nguvu zake zote, shoti bado ipo.

Kwa duka au darasa la skuli, ambako taa huwashwa asubuhi na kuzimwa jioni, tunaikubali. Chooni na kwenye ngazi hatuipendekezi: huwasha bila kupasha filamenti kwanza, na kuwasha na kuzima mara kwa mara huimaliza tyubu haraka. Huko funga taa ya LED.