Nilivyozipata hadithi za kutisha zinazochezea akili: uzoefu wangu na huduma nilizotumia

Hofu ninayoipenda kwenye kitabu ni ile isiyo na meno wala damu. Mtu yuko chumbani peke yake, hakuna kilichomgusa, lakini kurasa zinavyokwenda unazidi kutilia shaka anachokiona, na mwishowe unatilia shaka hata ulichokisoma mwenyewe. Hizo ndizo hadithi za kutisha za kisaikolojia. Kuzipata zilizoandikwa vizuri ni kazi, kwa sababu siku hizi jina hilo hubandikwa karibu kila kitabu chenye jalada jeusi.

Nilianzia kwenye programu ya duka moja la vitabu pepe. Niliandika ninachotaka, nikaletewa mlolongo wa riwaya za upelelezi: mke katoweka, mume anashukiwa, jirani ana siri. Zipo nzuri humo, lakini hofu yake inakwisha pale muuaji anapojulikana. Na kila niliponunua kimoja, mapendekezo yaliyofuata yalizidi kufanana nacho, maana mfumo ule unafuata mikono ya wanunuzi. Namna kitabu kinavyotisha hauijui. Kilichoniudhi zaidi ni riwaya zinazofikia mwisho kwa kufichua kwamba mhusika alikuwa mgonjwa wa akili, basi, kila kitu kimeshaelezwa. Kwangu huo ni uvivu wa mwandishi, tena unawaonea watu wanaoishi na maradhi hayo.

Hata hivyo duka hilohilo lilinifundisha kitu ambacho sijakiacha: kusoma maoni ya wasomaji waliochukizwa. Nyota tano hazinisaidii, kwa sababu mtu aliyependa kitabu husema tu kwamba hakulala, na hilo linaweza kusemwa kuhusu kitabu chochote. Aliyetoa nyota mbili hueleza. Atasema hakuna kinachotokea. Atasema msimulizi hajulikani kama anasema kweli au anadanganya, na kwamba amefika mwisho hajapewa jibu. Malalamiko ya namna hiyo yakijirudia kwa watu mbalimbali, ninajua nimekaribia ninachokitafuta, na hapo hapo ninafungua sampuli ya bure. Wakilalamikia lugha mbovu, au mwisho uliofafanuliwa kurasa kwa kurasa, ninapita. Kwenye sampuli yenyewe sitafuti tukio la kushtua. Ninaisikiliza sauti inayosimulia: ina haja gani ya kutaka niiamini? Anayejitetea kabla hajashtakiwa huyo ndiye msimulizi wangu.

Msimulizi wa namna hiyo nilimpata katika umbo lake safi kabisa bila kulipa chochote, kwenye Project Gutenberg. Hii ni maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, na leo ina zaidi ya vitabu 70,000. Haidai ujisajili. Unaweza kusomea palepale kwenye kivinjari au ukapakua faili la EPUB, yaani muundo wa vitabu pepe, na kwa kuwa matini ni mepesi, hata simu ya kawaida inayamudu. Hapo nilisoma “The Tell-Tale Heart” ya Edgar Allan Poe, ya mwaka 1843. Ni kurasa chache tu. Mtu anatuhakikishia kwamba hana wazimu, na ushahidi anaoutoa ni jinsi alivyoyapanga mauaji ya mzee mmoja kwa utulivu na uangalifu. Kila hoja anayoitoa kuthibitisha uzima wake inamzamisha zaidi. Ukitaka kujua kama utanzu huu unakufaa, anza na hii. Inasomeka mara moja tu ukiwa umekaa.

Baada yake soma “The Yellow Wallpaper” ya Charlotte Perkins Gilman, iliyochapishwa mwaka 1892. Mama aliyejifungua si muda mrefu anapelekwa na mumewe, ambaye ni daktari, kwenye nyumba ya kukodi ili apumzike. Anakatazwa kuandika. Anakatazwa kufanya lolote linaloshughulisha akili. Chumba anachokaa kimebandikwa karatasi ya ukutani ya manjano, na kwa kuwa hana kingine cha kutazama, anaitazama hiyo, mpaka anaanza kumwona mwanamke nyuma ya michoro. Kinachonikaba koo katika hadithi hii ni upole wa yule mume, kuliko hata kile kilichomo ukutani. Anampenda mkewe, anamwita kwa majina mazuri, na kila neno lake jema linafunga mlango mwingine. Gilman mwenyewe aliwahi kupewa tiba ya kupumzishwa ya namna hiyo na daktari mashuhuri wa Marekani, Silas Weir Mitchell, na baadaye akaeleza waziwazi kwamba hadithi ilitokana na yaliyompata. Nimeirudia mara nyingi, na kila mara ninabadili mawazo kuhusu lini hasa mambo yalianza kuharibika.

“The Turn of the Screw” ya Henry James, ya mwaka 1898, nayo imo humo. Mlezi wa watoto anaona mizuka, au anadhani anaiona. Wahakiki wanabishana hadi leo. Sentensi zake ni ndefu na zinachosha, kwa hiyo simshauri anayeanza aianzie hiyo.

Upungufu mkubwa wa Project Gutenberg ni kwamba inategemea sheria za hakimiliki za Marekani, ambazo kwa vitabu vya zamani hulinda kazi kwa miaka 95 tangu ichapishwe. Maana yake huwezi kumpata Shirley Jackson wa “The Haunting of Hill House”, iliyotoka mwaka 1959, wala “Rebecca” ya Daphne du Maurier, ya mwaka 1938. Hao ni wa kununua au kuazima. Tena ukiingia bila jina la mwandishi kichwani utapotea, kwa sababu sehemu ya kutafuta haikuongozi kwa ladha. Kwa wanaopenda kusikiliza ipo LibriVox, ya bure pia, inayosomwa na watu wa kujitolea tangu mwaka 2005. Ubora wa sauti unatofautiana sana. Hadithi inayojulikana huwa na usomaji zaidi ya mmoja, kwa hiyo sikiliza dakika ya kwanza ya kila mmoja kabla hujachagua.

Kwa vitabu vya sasa, huduma iliyonisaidia kuliko zote ni StoryGraph, tovuti na programu ya wasomaji kutathmini vitabu. Hapa wasomaji huulizwa kitabu kilikuwa na hali gani, cha giza, cha taharuki, cha fumbo au cha kutafakari, na majibu yao yanaonyeshwa kwa asilimia. Huulizwa pia kama kinaendeshwa na matukio au na wahusika. Swali hilo la pili ndilo linalonifaa zaidi: kitabu cha kutisha ambacho wasomaji wengi wamesema kinaendeshwa na wahusika, chenye mwendo wa polepole, mara nyingi kinanifaa. Halafu kuna tahadhari za maudhui, zilizopangwa kwa uzito wake. Wapo wanaoziona kama zinaharibu utamu. Mimi siafikiani nao kabisa. Hadithi za aina hii hugusa kifo cha mtoto, kujiua, na ukatili ndani ya ndoa, na aliyefiwa juzi ana haki ya kujua kinachomngoja. Sehemu kubwa ya huduma ni ya bure, ila kitabu chenye wasomaji wachache huwa na takwimu dhaifu, na asilimia zake usizitegemee.

Njia ya mwisho ni orodha za tuzo. Zipo Bram Stoker, zinazotolewa na Chama cha Waandishi wa Hadithi za Kutisha cha Marekani, na humo mna kila aina ya utisho, pamoja na mazimwi na damu. Kwa ladha yangu orodha bora ni ya tuzo zilizopewa jina la Shirley Jackson, maana zimewekwa mahususi kwa taharuki ya kisaikolojia, utisho na fantasia ya giza. Huwa siishii kwa washindi. Ninasoma orodha nzima ya walioteuliwa, na ninaanza na kundi la riwaya fupi, kwa sababu hofu ya namna hii hulegea ikivutwa kurasa mia nne.

Ndivyo nilivyomfikia Samanta Schweblin wa Ajentina. Kitabu chake kinachoitwa kwa Kiingereza “Fever Dream”, kilichotafsiriwa na Megan McDowell, kilipata tuzo hiyo ya riwaya fupi kwa mwaka 2017. Mwanamke amelala hospitalini, na mtoto wa kiume ambaye si wake yuko karibu naye akimhimiza akumbuke, kila mara akimwambia lipi ni muhimu na lipi si muhimu. Hakuna sura wala mahali pa kupumzikia. Mwanamke huyo anapima muda wote umbali kati yake na binti yake, kwamba hatari ikitokea atachukua muda gani kumfikia, na umbali huo unakuwa kama kamba inayokazwa. Mzazi atakayekisoma atakielewa haraka kuliko mimi. Kitengee jioni nzima usiyo na shughuli nyingine, na usisome muhtasari wowote kabla. Hata maneno ya nyuma ya jalada yaache.