Jipu la tumboni: kufyonza kwa sindano au kuacha mrija?

Usaha uliojikusanya ndani ya tumbo, iwe kwenye ini, kando ya kidole tumbo kilichopasuka au baada ya upasuaji, mara nyingi hauishi kwa antibayotiki peke yake, kwa sababu dawa hupenya kwa shida hadi katikati ya jipu. Likiwa dogo, chini ya sentimita 3 hivi, dawa zinaweza kutosha. Likiwa kubwa, usaha lazima utolewe, ama kwa kufyonzwa na sindano, ama kwa mrija mwembamba unaoachwa ndani ya jipu.

Njia zote mbili huanza sawa: ngozi hutiwa ganzi, daktari huongoza sindano kwa ultrasaundi, na usaha kidogo hupelekwa maabara ili kijidudu kijulikane.

Kwa sindano, usaha hufyonzwa, sindano hutolewa, na mgonjwa hubaki bila kitu mwilini. Hilo si jambo dogo kwa mtu aliyechoshwa na homa. Lakini usaha mzito hauvutiki vizuri, na jipu kubwa hujaa tena, hivyo huenda akachomwa mara ya pili, hata ya tatu.

Mrija huachwa siku kadhaa, ukisafishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, mpaka kinachotoka kipungue hadi mililita 10 au 20 kwa siku. Unasumbua usingizi, na unaweza kuziba au kuchomoka. Hata hivyo, jipu likizidi sentimita 5 ningechagua mrija bila kusita: unaendelea kutoa usaha usiku na mchana.

Jipu likipasuka na usaha ukasambaa tumboni, kwa kawaida mgonjwa huhitaji upasuaji wa haraka.