Hoteli ya urithi Mji Mkongwe: nyumba nzuri, lakini shangazi yangu kaondoshwa barazani

Bei, idadi ya vyumba na picha za bwawa zimejaa mtandaoni, mimi sizirudii. Naandika kwa sababu ya baraza, lile benchi la mawe lililojengwa nje ya mlango, na hasira bado ninayo.

Hoteli ni moja ya zile nyumba kubwa za kale za Mji Mkongwe, Unguja, zilizokarabatiwa zikageuzwa za kifahari. Jina silitaji. Wanajinadi kwa urithi; kila karatasi iliyomo chumbani, kuanzia ya chakula mpaka ya nguo za kufua, ina neno hilo. Na haki yao niwape: nyumba wameitunza. Kuta za mawe ya matumbawe wamezipiga lipu ya chokaa, hawakutumia saruji. Aliyekulia kwenye nyumba hizi anaelewa maana yake, kwa sababu saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta, na haupiti muda lipu inabanduka vipande vipande. Boriti za mikoko wameziacha zionekane darini. Chumba chetu kilikuwa kirefu na chembamba, kama vyumba vyote vya zamani vya huko, kwa kuwa upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Usiku wa kwanza nilikuwa tayari kuwapa nyota zote tano.

Kisha shangazi akaja kunisalimia.

Shangazi yangu kazaliwa humo humo Mji Mkongwe, siku hizi anaishi kwenye maghorofa ya Michenzani. Umri umekwenda na magoti yanamsumbua. Alipofika mimi nilikuwa ghorofa ya juu, lifti hakuna, akaona aketi barazani anisubiri. Ndivyo alivyofanya maisha yake yote katika mji ule, nani angemkataza?

Nilipotoka mlangoni nikamkuta amesimama upande wa pili wa kichochoro, kiganja kimoja kimeegemea ukuta, mkono wa pili umebeba kikapu cha ukili chenye mkate wa kumimina aliotuandalia. Kumbe mlinzi, kijana wa umri wa wajukuu zake, alikuwa amemwambia, "Hapa hapakaliwi, bibi. Pa wageni." Hakumwamkia. Shangazi akamweleza kuwa anamsubiri mwanawe aliyepanga humo ndani. Akajibiwa asubiri kule ng'ambo ya njia. Na kabla hajamwachia aende, akataka aone kikapuni mna nini. Mkate ule umefunikwa kwa kitambaa cheupe kilichotiwa wanga, akakifunua kwa vidole vyake barabarani, watu wanapita.

Nilikwenda mapokezi nikiwa natetemeka. Dada wa pale akasema ni utaratibu. Akaitwa meneja, naye akaniambia kwa sauti ya upole kwamba wageni wao wanalipia utulivu.

Utulivu gani? Bibi mmoja aliyekaa kimya na kikapu chake?

Najua baraza ni ya mwenye nyumba, kisheria sibishani. Lakini zilijengwa nje ya mlango kwa ajili ya watu. Hapo mwenye nyumba alizungumza na wenziwe bila kuwaingiza ndani kwenye faragha ya watu wake. Hapo bao lilichezwa, jirani alipumzika, muuza kahawa alitua birika lake. Mvua ya masika ikijaza maji kichochoroni, watu walipita juu ya baraza wasiloe miguu. UNESCO ilipouingiza Mji Mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, iliuingiza mji pamoja na vichochoro vyake. Huwezi kuuza habari ya baraza kwenye karatasi ya chumbani, halafu ukaipanga mito ya rangi na kuweka kibao cha Kiingereza kwamba ni ya wageni wa hoteli tu.

Hasira ilipungua kidogo kwa sababu ya mtu mmoja. Mama anayesafisha vyumba vya ghorofa yetu alisikia zogo, akateremka, akamwendea shangazi pale nje: "Shikamoo bibi, karibu ndani, hapa kwenu." Akamshika mkono, akampandisha kizingiti polepole, akamkalisha uani kwenye kivuli, akamletea maji. Wakaanza kuulizana za watu wa Malindi na Kiponda mpaka wakapata jamaa wanaomjua wote. Shangazi akaniambia, "Mwache yule kijana mwanangu, katumwa." Ni kweli katumwa. Nikasema moyoni nitawapa nyota tatu na nitamlaumu mtunga sheria.

Jioni nyota zikashuka tena. Watalii wawili wakamwuliza mlinzi yule yule njia ya Forodhani, wakaketi barazani kufungua ramani, wakabaki hapo wanakunywa maji yao. Hakuwauliza kama wamepanga. Aliwachekea. Usiku nikaletewa sahani ya matunda yenye kadi ya radhi, jina langu juu yake. Aliyevunjiwa heshima ni shangazi. Kwenye kadi hatajwi.

Sisemi hoteli hizi zisiwepo. Nyumba za kale zinakula fedha, na sote tuliona Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lilivyoporomoka sehemu yake Desemba 2020. Bila watu wenye mtaji, nyingi zingekuwa magofu, hata hii pengine. Ndiyo maana inaniuma zaidi. Fundi aliyepiga chokaa ile alijua anachokitunza, uongozi haujui.

Kwa hiyo naacha nyota mbili, moja ya fundi, moja ya yule mama, ambaye natumaini analipwa anavyostahili. Mkitaka kwenda nendeni, nyumba itawafurahisha. Ila kama mna mzazi au jamaa wa pale mjini atakayekuja kuwaona, shukeni mapema mumsubiri nyinyi mlangoni. Meneja anayo namba yangu. Akimwendea shangazi Michenzani akamtaka radhi mwenyewe, na kibao kile kikaondolewa, nitarudi hapa kubadilisha nilichoandika.