Kabla hujanunua Land Cruiser ya zamani Kigoma, ingia kwanza chini yake

Malalamiko ninayoletewa siku hizi yanafanana. Kijana wa Kasulu kanunua Land Cruiser ya miaka ya tisini, rangi mpya, viti vimeshonwa upya, injini inanguruma vizuri. Haikumaliza hata msimu mmoja wa mvua. Njiani kuelekea Kibondo hanga ya springi ya nyuma, yaani kishikio chake, iling'oka na kipande cha chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, gari likakaa upande. Mama mmoja wa Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, amekwama kuhamisha jina kwa sababu namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma haisomeki tena. Mwalimu wa Ujiji aliagiza gari Japani, picha zinang'aa, na lilipofika fundi akalipandisha kwenye shimo na kuingiza bisibisi ndani ya boriti ya chasisi bila kutumia nguvu.

Wote hao walisikiliza injini, wakatazama rangi ya moshi, wakahesabu kilomita. Hakuna aliyeingia chini.

Kwa hiyo humu sitaeleza ulaji wa mafuta, ukubwa wa injini, redio wala rimu. Hayo kila dalali atakueleza bila kuulizwa. Injini ya dizeli ya Toyota ikichoka inafunguliwa, spea zinaagizwa Kariakoo, fundi anaifunga. Giaboksi inabadilishwa. Difu inabadilishwa. Chasisi ikiliwa na kutu kwa ndani, umenunua namba tu. Mimi napanga magari haya kwa swali moja: kutu ya ndani ya chasisi inaonekana kwa urahisi kiasi gani, na ikionekana, fundi wetu wa hapa anaweza kuitibu?

Watu wengi mjini wanalaumu ziwa. Wanasema gari lililokaa Kigoma huliwa na maji ya Tanganyika. Si kweli. Tanganyika ni ziwa la maji baridi, si bahari. Gari lililokaa Kibirizi miaka ishirini laweza kuwa zima kuliko lililokaa Kigamboni miaka mitano, ambako upepo wa bahari unapuliza chumvi usiku na mchana. Adui yetu ni chumvi, na kwa mkoa huu chumvi inatoka Uvinza.

Pale Uvinza watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na chumvi hiyo imesafiri kwa miguu, kwa reli, kwa malori na kwa pikapu. Pikapu iliyobeba magunia ya chumvi haichafuki juu tu. Magunia yanavuja, mvua inanyesha, maji ya chumvi yanapita kwenye matundu ya bodi na kuingia ndani ya boriti za chasisi. Boriti zile ni kama bomba la pembe nne, zina matundu ya kutolea maji chini yake. Tope la barabara likiziba matundu hayo, maji hayatoki. Chumvi nayo hunyonya unyevu kutoka hewani, kwa hiyo hata kiangazi, gari likiwa limeegeshwa kivulini, kutu inaendelea kula. Kwa nje chuma kinaonekana kizima, rangi ipo. Kwa ndani kimebaki ganda.

Chumvi nyingine inatoka Japani kwenyewe. Hokkaido, Aomori, Niigata na mikoa mingine ya theluji humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Gari la huko huoga chumvi kila mwaka. Muuzaji wa mtandaoni atakuandikia kwamba gari liko Yokohama au Nagoya, lakini hiyo ni bandari au yadi, siyo mahali lilipoishi. Dai karatasi ya mnada, ile ambayo mkaguzi huandika hali ya gari kabla halijauzwa mnadani. Kwenye mchoro wa gari herufi S ni kutu, C ni chuma kilichokwisha kuliwa, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Mchoro ule unaonyesha zaidi bodi ya juu, kwa hiyo omba pia wakusomee maelezo ya mkaguzi, na uliza kama ameandika "shitamawari sabi", yaani kutu ya sehemu za chini. Muuzaji akikwambia karatasi imepotea, tafuta muuzaji mwingine.

Sasa jinsi ya kukagua. Sema mapema kwamba utataka gari lioshwe chini kwa maji tu, na lipandishwe kwenye shimo la gereji unayoichagua wewe. Ukikuta chini kote kumepigwa rangi nyeusi ya lami, au kumepakwa oili chafu inayong'aa, usifurahi. Rangi mpya chini ya gari la miaka thelathini imewekwa kuficha kitu, na oili chafu juu ya hapo inalainisha na kuharibu bushi za mpira. Beba nyundo ndogo na bisibisi bapa. Gonga boriti kuanzia mbele hadi nyuma, taratibu, ukisikiliza. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali. Kilicholiwa kinatoa sauti ya kufa. Gonga zaidi pale hanga za springi za nyuma zinapokaa, juu ya ekseli ya nyuma boriti inapopinda, karibu na tanki la mafuta, na pale bodi inapofungwa kwa bolti kwenye chasisi. Kisha washa tochi ya simu, ingiza kamera kwenye matundu ya boriti na upige video. Ukiona magamba yamelala ndani kama majani makavu, ondoka. Chokoa tope kwenye matundu ya chini na uone kinachodondoka: udongo mwekundu ni wa barabara zetu, lakini vipande vya kahawia vinavyopasuka mkononi ni chasisi yenyewe.

Halafu futa boriti ya mbele upande wa kulia, karibu na gurudumu. Kwenye Land Cruiser nyingi za zamani namba ya chasisi imegongwa pale. Isome herufi kwa herufi ukiwa umeshika kadi ya gari. Ikiwa imeliwa, imesagwa, au kuna mstari wa kuchomelea kabla na baada yake, usilipe hata shilingi ya kishika uchumba. Na kwa sisi tuliopakana na Burundi na Kongo, angalia usukani. Wenzetu wanaendesha kulia mwa barabara, magari yao mengi yana usukani wa kushoto. Gari la kutoka huko laweza kuwa zuri, ila kadi yake ya Tanzania uione kwa macho kabla ya jambo lingine lolote.

Naja kwenye mpangilio. Sitajificha: mimi ni mtu wa Land Cruiser, na nafasi tatu za juu ni zake.

Ya kwanza ni HZJ75, ile ya 1990 hadi 1999, pikapu au yenye bodi ndefu ya nyuma, maarufu kama mkonga kwa lile bomba la hewa lililopanda pembeni ya kioo. Injini yake ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda 6, haina turbo wala kompyuta. Toyota bado inatengeneza ukoo wa 70, ambao hii ni mmoja wao, mpaka leo, kwa hiyo spea si hadithi. Ninachoipendea zaidi ni chuma chake. Boriti ziko wazi, unaingia chini na kuziona karibu zote bila kufungua kitu, na bodi ina bati nyoofu ambalo fundi bodi wa Gungu au Mwanga analikunja na kulichomelea sawasawa. Mkoa wetu una bahati nayo. Kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996, wakati Wakongo walipokuwa wakivuka ziwa kukimbia vita, gari hili ndilo lililopita barabara ambazo hakuna kingine kilichopita. Yaliyobaki yapo, mengine kwa mapadri, mengine kwa wafanyabiashara wa Kasulu. Uliza kazi lililofanya. Lililobeba watu na dawa ni bora kuliko lililobeba magunia ya Uvinza, hata kama la pili lina kilomita chache.

Ya pili ni ukoo wa 40, uliotengenezwa Japani kuanzia 1960 hadi 1984. BJ40 fupi, au HJ47 ndefu yenye injini ya 2H ya lita 4. Kwa uzuri hakuna linaloifikia. Bodi yake inafunguliwa bolti, inanyanyuliwa na watu wa kutosha, chasisi inabaki uchi mbele yako, na hapo hakuna siri. Ningeiweka ya kwanza kama si wauzaji, nami nitawasema hapa hapa.

Mtu ana BJ40 imelala chini ya mwembe, kuku wamelala ndani yake, matairi yameisha. Mwaka jana alikuwa anaiuza kwa kilo kama chuma chakavu. Leo kasikia kwamba Wamarekani wanaruhusiwa kuingiza gari la nje likifika miaka 25 na kwamba wanapenda Land Cruiser za zamani, basi bei imepaa. Hajaiosha, hajaziba tundu hata moja. Dalali naye anaongeza cha juu, na rafiki ya dalali aliyewaonyesha njia anaongeza chake. Ukiuliza kwa nini bei hiyo, unajibiwa "hii ilikuwa ya mzungu" au "hii ya misheni". Jina la aliyeliendesha haliwezi kuzuia kutu. Bei ya gari inayodaiwa Marekani ni ya gari lililokarabatiwa kila bolti, kwa miezi mingi na fedha nyingi, na gharama hiyo huku inamwangukia mnunuzi. Nimeona vijana wenye mapenzi ya kweli na magari haya wakikata tamaa mbele ya dalali, na hilo linaniuma, maana hao ndio wangeyatunza. Mwenye gari asiyetaka kuliuza kwa bei ya haki wala kulitengeneza analiua.

Ya tatu ni ukoo wa 60, wa 1980 hadi 1990. HJ60, na ukibahatika HJ61 yenye turbo. Ndani kuna nafasi, safari ya Tabora unafika mgongo ukiwa mzima. Lakini kutu yake inajificha juu pia: kwenye mfereji wa mvua wa paa, fremu ya kioo cha mbele, matao ya magurudumu ya nyuma na mlango wa nyuma. Bati limepinda, na fundi asiyeliweza anajaza puti, ile dawa ya kuzibia mashimo kabla ya rangi. Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa, ipitishe kwenye matao hayo. Isiposhika, pale pana puti. Kumbuka pia kwamba nyingi za dizeli zilizouzwa Japani ni za volti 24, usije ukanunua stata ya volti 12.

Ya nne, Nissan Patrol Y60 ya 1987 hadi 1997. Injini ya TD42 ni imara, springi za koili zinameza mashimo vizuri. Wanaoipenda wanaipenda sana. Ila siku ukihitaji kipande cha bodi ukiwa Nguruka, utaelewa kwa nini naiweka hapa.

Za bei nafuu nitazipitia haraka. Datsun 120Y na pikapu ya Datsun 1200 zina historia inayostahili heshima. Nissan iliendelea kutengeneza mdogo wa pikapu ile Afrika Kusini hadi 2008, na wazee bado wanamkumbuka Shekhar Mehta alivyoshinda Safari Rally mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun Violet. Corolla KE70, ya mwisho katika mstari wake kusukumwa na magurudumu ya nyuma, ni gari la kujifunzia ukusanyaji. Lakini magari madogo kama 120Y na KE70 hayana chasisi iliyo peke yake. Sakafu na bodi ndiyo chasisi. Nyanyua kapeti, tazama pale shokapu za mbele zinapofungwa kwa juu, na kama kumechomelewa kiraka achana nalo.

Neno kuhusu viraka, maana ndipo fedha nyingi zinapopotea. Fundi akikuambia atapachika bati juu ya palipooza, kataa. Kutu iliyofunikwa inaendelea kula, na sasa huioni. Palipooza pakatwe hadi chuma kizima, kisha kipande cha unene ule ule kiwekwe, na mshono usikate boriti wima moja kwa moja. Uende mshazari, ili uzito usiangukie mstari mmoja. Ni kazi ya siku kadhaa, si ya mchana mmoja. Fundi anayetoza bei ya chini na kukuahidi jioni atakurudisha kwake mvua za Novemba zikianza.

Ukishanunua, kazi ya kwanza iwe kuzibua matundu yote ya chasisi, kuingiza mpira wa maji ndani ya boriti na kusukuma hadi maji yatoke meupe, kuacha gari likauke juani kabisa, kisha kupuliza nta au grisi laini kwa ndani. Rudia kila mvua zinapoisha.

Na mnaoniandikia kuomba ushauri kabla ya kulipa, nitumieni video ya ndani ya boriti ya nyuma na picha ya namba ya chasisi. Picha za rimu sizihitaji.