Mwisho wa The Witcher 3: Geralt anapimwa kama mlezi

Onyo kwanza: hapa chini mwisho wa gemu umefichuliwa wote.

The Witcher 3, iliyotolewa na CD Projekt Red Mei 2015, haiamui kwa upanga hatima ya Ciri, binti aliyelelewa na Geralt, mwindaji wa mazimwi unayemcheza. Unaweza kufikia leveli ya juu, ukavaa deraya bora kuliko zote, na bado ukampoteza binti. Kinachopimwa ni namna Geralt anavyomtendea katika sehemu ya mwisho ya hadithi, na kwa hili tu gemu inastahili sifa.

Vipimo ni vitano, na vyote vinapita kwa sura ya mazungumzo ya kawaida. Baada ya vita vya Kaer Morhen, ngome ya wawindaji wa mazimwi, Ciri akiwa amekata tamaa kwa kifo cha Vesemir, mwalimu wa Geralt, mchangamshe kwa kurushiana theluji. Ukimwambia atulie tu na kunywa naye, umepoteza alama. Ukiamua kumpeleka kwa baba yake, Kaizari Emhyr wa Nilfgaard, usipokee malipo. Kule Novigrad, mwache aingie peke yake kuzungumza na wachawi wa kike wa chama kiitwacho Lodge. Kwenye maabara ya Avallac'h, mwalimu wa Ciri, huko Skellige, mruhusu avunje vitu badala ya kumtuliza. Kisha mfuate kwenye kaburi la Skjall, kijana aliyemsaidia Ciri, hata kama haraka inakusukuma. Zikipatikana chaguo njema angalau tatu, Ciri anaishi.

Wengi wanaanguka kwa sababu ya wema wenyewe. Kumsindikiza kwa wachawi kunaonekana ulinzi, kumtuliza maabarani kunaonekana busara, na kumbe gemu inasoma yote mawili kama kutomwamini. Mantiki hiyo ni ya kweli kwa yeyote anayelea kijana, ila hakuna dalili yoyote kwamba kuna alama zinazohesabiwa. Ni katika dakika za mwisho, Ciri akielekea kwenye Baridi Nyeupe, janga la barafu linalotishia dunia, ndipo kumbukumbu za chaguo zako zinapita mbele yako. Kwa aliyekosea, maelezo yanafika wakati hakuna tena la kufanya, na kurudi nyuma maana yake ni kucheza upya saa nyingi. Sevu kwa mkono ukiwa Kaer Morhen, kabla tu ya mazungumzo ya theluji, na usiifute hadi umalize.

Miisho mitatu haina uzito sawa. Ule wa Ciri kuwa mwindaji wa mazimwi ndio unaoshiba: Emhyr anaambiwa binti amekufa, Geralt ananunua upanga wa fedha White Orchard na kumkabidhi. Ule mbaya, Geralt akienda kinamasini kumsaka mchawi mkongwe aliyebaki kati ya watatu ili arudishe medali ya Vesemir aliyokuwa nayo Ciri, ni wa giza lakini umeandikwa kwa ustadi kuliko yote. Wa Ciri kuwa malkia wa Nilfgaard una huzuni nzuri ya kuagana, tatizo ni njia ya kuufikia.

Ili aipate taji, mbali na zile chaguo tatu, lazima umpeleke kwa Emhyr na Nilfgaard ishinde vita. Ushindi huo unategemea misheni ya pembeni iitwayo "Reason of State", ambako Mfalme Radovid, adui wa Nilfgaard, anauawa. Mlango wake unafungwa kimya kimya: misheni kama "A Deadly Plot" lazima imalizwe kabla ya kwenda Kisiwa cha Ukungu, na kwenye nyumba ya kuogea ya Novigrad usimsukume jasusi Dijkstra kwa nguvu, kwani ukimvunja mguu yote yamekufa. Mwishowe unasimama na Roche, mshirika wa njama hiyo, dhidi ya Dijkstra, na hapo uandishi unateleza vibaya. Jasusi mwerevu kuliko wote anawageukia washirika wake mbele ya Geralt mwenye upanga mkononi, akitarajia Geralt aondoke zake tu. Mtu yule tuliyemjua saa zote zile asingefanya upuuzi huo.

Avallac'h naye hakutendewa haki. Baridi Nyeupe inaibuka kuwa tishio kuu huku msingi wake ukiwa mwembamba, wakati Eredin, adui mkuu tuliyemkimbia gemu nzima, anamalizwa kwa pambano la kawaida kabisa.

Kwa hiyo usiishie kwenye hadithi kuu. Nyongeza ya Blood and Wine, ya Mei 2016, ndiyo inayomfungia Geralt hadithi: anapata shamba la mizabibu la Corvo Bianco, na mwishoni anatembelewa na mtu anayetegemea ulivyocheza, awe mmoja wa wapenzi wake Yennefer na Triss, au Ciri, au rafiki yake Dandelion. Aliyejaribu kuwachumbia Yennefer na Triss kwa pamoja asimngojee yeyote kati ya hao wawili. Cheza nyongeza nyingine, Hearts of Stone, kabla yake, na zote mbili baada ya hadithi kuu, kwa sababu mgeni huyo hana maana kama hatima ya Ciri bado haijaamuliwa.