OTDR ya Kununua: Kagua Konekta ya Mbele Kabla ya Kuuliza Kilomita

Malalamiko ya mafundi wa faiba yanafanana sana. OTDR, mashine inayotuma mwanga ndani ya faiba na kuchora grafu ya hitilafu na umbali wake, ilitoka kwenye boksi ikipima vizuri, baada ya miezi michache mwanzo wa grafu ukaota mkia mrefu, na sasa hitilafu iliyo mita 60 tu kutoka kwa mteja haionekani. Lawama zote hupewa leza. Mara nyingi leza ni nzima, kilichoharibika ni konekta ya mashine yenyewe.

Ferula, ile ncha nyeupe ya kauri, ina kiini cha kupitishia mwanga chenye upana wa takriban maikromita 9. Punje moja ya vumbi la barabarani inakifunika chote. Ukichomeka pachikodi (kebo fupi ya kuunganishia) chafu, unalisaga vumbi lile kwenye kioo. Ukichomeka konekta ya bluu (UPC) kwenye tundu la kijani (APC), lililochongwa kwa mshazari wa digrii 8, nyuso mbili hazikutani: kunabaki upenyo wa hewa, mwanga unarudi kwa nguvu, na ukingo wa ferula unaweza kumeguka.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe hili: adapta ya mbele inafunguka kwa mkono?

1. EXFO MaxTester 730. Hii ndiyo naipendelea, na sifichi. Adapta yake ya EUI inatoka bila kufungua kifaa, unaifikia ferula, unaisafisha, unaikagua kwa darubini, unarudisha. Ukihama kutoka konekta ya aina ya SC kwenda FC unabadilisha adapta tu. Chukua yenye tundu la pili lenye kichujio, la nanomita 1625 au 1650, kwa ajili ya laini zilizo hai. Programu ya iOLM, inayopiga mapigo ya mwanga ya urefu tofauti na kuonyesha kila tukio kwa alama, mara nyingi ni leseni ya kulipia kando. Uliza kabla ya kutoa hela.

2. Yokogawa AQ1210. Adapta yake pia inabadilishwa kwa mkono. Ukiipata kwa bei nzuri zaidi, usisite.

3. OTDR ndogo za bei nafuu. Zinafaa kutafuta palipokatika kwenye laini fupi isiyo na splita (kigawanya mwanga kwa wateja wengi). Nyingi zina konekta isiyofunguka. Ikikwaruzwa, safari ni ya kiwandani.

Lonchi kebo, yaani faiba inayowekwa kati ya mashine na laini, usiikwepe, mashine yoyote utakayochukua. Kwa laini za majumbani mita 150 zinatosha, kwa njia ndefu chukua mita 500 hadi kilomita 1. Inausogeza mkia wa mwanzo mbali na laini unayoipima, na inapokea mikwaruzo badala ya mashine. Inakera kwamba wauzaji wengi huiacha nje ya bei, kisha wanakuuzia siku ya pili kama anasa.

Kuseti kifaa: anza na pawa mita (kipima nguvu ya mwanga). Ukikuta mwanga kwenye laini, usiguse tundu la kawaida. Tumia lile lenye kichujio. Safisha konekta zote mbili, kagua, ndipo uchomeke. Weka masafa (umbali wa kupima) mara 1.5 hadi 2 ya urefu wa laini. Pigo liwe nanosekunde 10 hadi 30 kwa laini isiyozidi kilomita 2, na 100 hadi 300 ukikaribia kilomita 10. Pima kwa nanomita 1310 na 1550: hasara ikiwa kubwa zaidi kwenye 1550, tafuta faiba iliyokunjwa, huenda kwenye trei ya jointi.

Namba ya IOR, inayoiambia mashine kasi ya mwanga ndani ya faiba, ndiyo inayochimbisha watu mahali pasipo na hitilafu. Kebo ikiwa ya 1.4680 na wewe ukaacha 1.4600, kwenye kilomita 10 umekosea mita 55 hivi. Hata ukiipatia, faiba ni ndefu kuliko kebo kwa sababu imezungushwa ndani yake, na kwenye nguzo kuna koili za akiba. Pima umbali kutoka jointi iliyo karibu, kisha fuata namba za mita zilizochapwa kwenye ganda la kebo.

Na hizo "kilomita 160" za kwenye matangazo zinaudhi. Uwezo wa desibeli unaotangazwa, ambao ndio unaozaa kilomita hizo, hupimwa kwa pigo refu kuliko yote, mara nyingi maikrosekunde 10 au 20, kwa dakika 3. Pigo la maikrosekunde 20 linafunika kilomita 2 za faiba kwenye grafu. Mtaa mzima unamezwa humo. Splita ya 1:32 peke yake inakula desibeli 17 hivi, ndiyo maana kwenye laini ya nyumbani ni afadhali upime kutoka kwa mteja kwenda juu.

Kabla ya kulipa, chomeka lonchi kebo palepale dukani, weka nanosekunde 10, piga. Mkia wa mwanzo ukizidi mita chache wakati konekta zote ni safi, mrudishie muuzaji mashine yake. Kisha omba cheti cha kalibresheni chenye namba ileile iliyo nyuma ya kifaa.