Gari la cheti: Japani lilitoka zima, likaugulia Mombasa

Nianze na mazuri yao, maana yapo. Yadi niliyonunulia gari hili, ng'ambo ya daraja la Nyali, haikunizungusha kwenye makaratasi. Uhamisho wa umiliki waliuanzisha wao kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, nikaukubali kwa simu yangu, na logbuku, hati ya umiliki wa gari, ikatoka bila mtu kuniomba ya chai. Kijana wa mauzo ana adabu zake, na simu anapokea hata baada ya isha. Bei ilikuwa shilingi milioni moja na laki tisa kwa stesheni wagoni ya Kijapani ya cc 1500, na kwa soko la hapa si ya kutupa wala si ya kuua. Ingekuwa nasifia mauzo peke yake, nyota tano ningewapa na dua juu.

Ila gari halikumaliza mwezi. Modeli sitaitaja, kwa sababu nitakavyoeleza, aliyeliunda hana kosa.

Yadi hii hugawa magari yake mafungu mawili. Kuna ya kawaida, unayonunua kama yalivyo na shauri yako. Halafu kuna ya cheti, ambayo wanasema mafundi wao wameyapitia kuanzia taa hadi tairi, na juu yake unapewa garanti ya miezi mitatu ya injini na gia boksi. La cheti humzidi mwenzake kama laki moja hivi. Kazi yangu iko Mariakani, barabara ile ya malori naipanda na kuishuka kila siku ya kazi, kwa hiyo laki moja ya kulala usingizi niliiona rahisi. Cheti chenyewe kimepigwa lamineti, kina safu ndefu ya vitu vilivyokaguliwa na tiki ya kijani mbele ya kila kimoja. Ninacho hapa mezani ninavyoandika. "Mfumo wa kupoza injini": tiki. "Maji ya rejeta": tiki. "Tairi": tiki.

Kijana wa mauzo alipokuwa akinisifia cheti hicho alichanganya kaguzi mbili, na wanunuzi wengi nawasikia wakizichanganya vivyo hivyo. Ukaguzi wa kwanza ni ule wa masharti ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, unaofanywa kabla gari halijapakiwa melini: liwe la usukani wa kulia, lisizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza huko litokako, na liwe zima la kutembea barabarani. Hapo yadi haina mkono wake. Ukaguzi wa pili ndio wa yadi, na huo ndio nilioulipia laki. Kati ya hizo mbili kuna bahari, kuna bandari, na kuna muda wote ambao gari linasimama yadini likingoja mteja. Muda huo ndio ulioniletea balaa.

Langu lilikaa sana. Wakenya tunasoma umri wa namba ya gari kwa herufi zake, na herufi za langu zilikuwa zimeachwa mbali na zile zilizokuwa zikitolewa na NTSA, mamlaka inayosajili magari, wakati nanunua. Zaidi ya mwaka, kwa hesabu yangu, lilisimama juani na upepo wa chumvi ukilipiga. Karatasi ya mnada ya Japani, inayoeleza hali ya gari lilipouzwa huko, niliiomba, nikapewa: gredi 4, kilomita zinaoana na za dashibodi, hakuna ile R inayoonyesha gari liligongwa likatengenezwa. Na huko Japani sina neno nao.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya kaskazi, joto limebana, foleni imeanzia Changamwe. AC ndiyo iliyotangulia kusema. Tulipopita Miritini na kuanza kupanda kuelekea Mazeras, nyuma ya lori la kontena lililokuwa likitambaa, upepo wa baridi ukawa vuguvugu, kisha moto kabisa. Kompyuta ya gari ikiona injini imezidi joto huizima kompresa ya AC ili kuipunguzia mzigo. AC ikifa ghafla mlimani, usifikirie gesi kwanza. Gari hili halina mshale wa joto. Lina taa tu, ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikizidi. Nyekundu ikawaka. Nikatoka kando, nikazima, nikafungua boneti.

Utingo wa lori lililosimama nyuma yangu akaja mbio na dumu la maji, nia yake njema, mkono umeshafika kwenye kifuniko cha rejeta. Dereva wake, mtu mzima, akamkemea toka juu: "We! Unataka kuungua uso? Na hedi ya watu utaipasua!" Yote mawili ni kweli. Maji yale yako chini ya presha, ukifungua yanakurukia; na maji baridi kwenye injini ya aluminiamu iliyochemka yanaweza kuipinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini, au kuitia ufa. Tukangoja. Yule dereva Mungu amjalie, hata soda alikataa.

Gereji ya yadi nilipoipigia ilikuwa imeshafunga. Nikaita bredauni, lile gari la kuvuta, langu likapelekwa Majengo kwa mzee ambaye ametibu magari ya kwetu tangu enzi za babangu. Alingoja lipoe kabisa ndipo akafungua kifuniko na kutia kidole. Kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini, haikuwemo. Kulikuwa na maji ya rangi ya kutu, na kwa ndani ya kifuniko ukoko mweupe, mgumu, aliokuwa akiukwangua kwa bisibisi ukidondoka vipande. Mzee akakigusisha kile kidole kwenye ulimi. Msimwige: kulanti ni sumu, na ubaya wake ni tamu, ndiyo maana huua paka na mbwa wanaoilamba. Akatema kando.

"Mwanangu, hiki ni kisima. Wamekutilia maji ya kisima."

Mtu wa Mombasa haelezwi zaidi ya hapo. Maji ya mfereji kwetu ni ya bahati, ya mkokoteni ni ya pesa, na yadi yenye magari mengi ya kuoshwa kila asubuhi hutegemea kisima chake cha maji ya chumvi. Kuyaoshea gari ni shauri lao. Kuyatia kwenye rejeta ni kuipa injini maradhi ya polepole: chumvi inakula aluminiamu, na chokaa inagandana kwenye vijia vyembamba vya rejeta kama ukoko wa birika. Ukizunguka mjini taratibu husikii kitu. Ukilipandisha mlima na AC imewashwa, joto linakosa pa kutokea. Huku pwani kuna watu, na mafundi wamo, wanaoamini kulanti ni ya nchi za baridi kwa kuwa kazi yake ni kuzuia maji yasigande barafu. Kazi yake nyingine ndiyo inayotuhusu sisi: inapandisha kiwango cha kuchemka na ina dawa ya kuzuia kutu.

Hesabu ya mzee ilikuwa hii. Thamostati, ule mlango mdogo unaoyaachia maji yapite kwenda rejeta injini ikipata moto, imeshikwa na kutu, haifunguki zaidi ya nusu. Pampu ya maji inavuja kwenye sili. Rejeta imeziba upande mmoja. Alinishikisha mwenyewe injini ilipowashwa tena, upande huu moto, upande ule baridi. Alhamdulillahi hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, ilikuwa nzima: mafuta ya injini hayakuwa na weupe wa maziwa, na mdomo wa rejeta haukutoa mapovu injini ilipopandishwa mzunguko.

Jumatatu nikaingia yadini na vipuri vya zamani ndani ya karai. Meneja akanikaribisha kiti, akaagiza maji ya kunywa (ya chupa, nikaona), akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua garanti na kunionyesha kwa kalamu: inahusu "sehemu za ndani zinazolainishwa kwa mafuta". Rejeta hailainishwi kwa mafuta. Thamostati hali kadhalika. Pampu ya maji, kama jina lake, ni ya maji. "Halafu, mama, umelipeleka kwa fundi wa nje. Hapo garanti imeshakufa yenyewe."

Kuhusu garanti sikubishana naye, maana maandishi yalikuwa yake. Nilikiweka cheti mezani. Garanti inasema mtatengeneza nini. Cheti kinasema mmekagua nini, na mmekagua maji ya rejeta. Nani aliyefungua kifuniko? Akaitwa mkuu wa mafundi wao, kijana mkweli, nadhani ukweli wake ndio ulionisaidia kuliko chochote. Akasema kifuniko huwa hawafungui. Wanatazama lile tangi dogo la akiba, kama maji yamefika kwenye alama. Yalikuwa yamefika. Tiki.

Basi hiyo ndiyo maana ya tiki: maji yamo. Ni maji gani, haikuulizwa. Tairi ni hadithi hiyo hiyo. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa mfano 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Hizo ndizo nilizozikuta kwenye mbili za nyuma. Meno marefu, mpira umeanza kupasuka vijistari. Tiki ilipima meno.

Sikuondoka na ugomvi, niliondoka na barua kichwani, na kesho yake nikaileta ikiwa imeandikwa. Ukurasa mmoja tu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya, katika sehemu ya 16 inamtaka anayefanya biashara ya kuuza kitu cha aina fulani akiuze kikiwa na ubora wa kuuzika. Ukikikagua mwenyewe kabla, kasoro ambazo ukaguzi huo ungepaswa kuzifichua ndizo usizoweza kudai. Ukoko ulio ndani ya rejeta hauonekani kwa kulizunguka gari yadini. Nikaongeza Ibara ya 46 ya Katiba na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Mwisho nikataja Mahakama ya Madai Madogo, ambayo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, si lazima uwe na wakili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Mstari huo wa mahakama ndio uliosomwa mara mbili. Nilimwona meneja macho yake.

Vipuri vilikuwa vimenigharimu 35,500: rejeta 17,000, pampu 9,000, thamostati 3,500 na kulanti 6,000. Wakarudisha pesa zote hizo kwa M-Pesa wiki ileile. Ujira wa fundi, 8,000, na bredauni, 7,000, wakasema watazungumza.

Na gia boksi sasa. Gari ni la gia boksi ya otomatiki ya aina ya CVT, na baada ya kisa cha kuchemka likaanza kutetemeka likiondoka kwenye foleni ya Kongowea, mtetemo mfupi, kisha linatulia. Hili liko ndani ya garanti bila ubishi, nao hawakubisha. Tatizo lilikuja walipotaka kubadilisha mafuta. Fundi wao akavuta dramu la ATF ya kawaida, yaani mafuta ya gia boksi za otomatiki za gia. "Mafuta ni mafuta, dadangu." Hasha. CVT haibadilishi mwendo kwa gia za meno. Ina mkanda wa chuma unaozunguka kwenye puli mbili zinazoubana, na mafuta yake yametengenezwa mahususi ili mkanda ushike bila kuteleza na bila kuliwa. Ukitia ATF ya kawaida unaiua gia boksi huku unalipia huduma. Nikasimama palepale mpaka wakatuma mtu dukani Mwembe Tayari akaleta mafuta yenye alama ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ya zamani yalitoka meusi, yananuka kuungua. Mtetemo umepungua sana, haujaisha, na nimewataka waandike hivyo kwa mhuri wao, pamoja na tarehe, ili garanti isije ikaisha huku tunaitana kwa simu.

Kwa anayefikiria kununua hapo: magari yao si mabaya, na karatasi za mnada wanatoa bila kinyongo. Nenda asubuhi kabla gari halijawashwa, injini ikiwa baridi, na uombe kifuniko cha rejeta kifunguliwe mbele yako. Kulanti ina rangi ya kung'aa, nyekundu, pinki, kijani au bluu, na inateleza kidoleni. Ukiona kutu au maji matupu yasiyo na rangi, hesabu rejeta, pampu na thamostati kwenye bei kabla ya kupeana mkono. Uliza pia gari limesimama hapo tangu lini. Laki ya cheti, kwa ukaguzi niliouona, sioni inanunua nini. AA ya Kenya, chama cha wenye magari, hukagua gari kwa malipo madogo kuliko hayo, na hawana la kukuuzia hapo yadini.

Nyota mbili na nusu. Moja ya makaratasi, moja ya kurudisha pesa za vipuri, nusu ya yule mkuu wa mafundi. Shilingi 15,000 za ujira na bredauni bado. Meneja ameniambia nipite Jumatatu. Ya mwezi gani, hakusema.